Jina Lililokuwa Ndani ya Picha

Haya yalimpata rafiki yangu Koome, mpiga picha kutoka Meru, alipokuwa na studio Garissa mwaka 1998. Watu walikuwa wakinakili picha zake na kuziuza kama zao, basi akapata programu ya kompyuta ya kuficha jina ndani ya picha. Jicho haliwezi kuliona; ni kompyuta tu inayolisoma. Kila picha aliifichia maneno mawili: Koome, Garissa.

Mchana mmoja mzee Siyad, mfugaji wa Ijara, alileta picha ya marehemu baba yake akiwa kisimani, iliyopigwa mwaka 1958. Alitaka nakala. Madirisha yalikuwa yamefungwa kuzuia vumbi, chumba giza, jenereta ikinguruma nje. Koome akaiingiza picha kwenye kompyuta, akajiandaa kuifichia jina lake.

"Ngoja kwanza, fundi," Siyad alisema. "Sisi hatuchomi ngamia chapa kabla ya kuangalia kama iko na ya mtu mwingine. Hii umeangalia?"

Koome alicheka, lakini akaiambia kompyuta itafute jina lililofichwa. Mashine ilikwaruza kwa muda mrefu, kisha ikanyamaza.

Jina lilikuwamo.

Koome ananiambia hakuogopa. Hakuhisi kitu. Alitoa nakala, akampa mzee, akanywa chai yake iliyopoa. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa pameandikwa Mwiti. Ndivyo nyanya yake Koome alivyokuwa akimwita utotoni, nyanya peke yake, na Koome hajawahi kuliandika jina hilo popote.