Insha Iliyomuua Bibi

Asubuhi za Njombe mwezi wa sita hazina huruma na mtoto wa shule. Dorosela, msichana wa darasa la sita, alitoka jikoni akiwa amevaa sweta mbili, kiazi cha moto kimoja katika kila mfuko, na sauti ya bibi yake ikimfuata hadi barabarani.

“Viazi ni vya kula, si vya kuchezea! Na darasani usikae karibu na dirisha!”

Bibi Letisia alikuwa mwanamke mfupi mwenye nguvu, aliyeshika jembe kwa namna ya kuwaaibisha vijana. Tangu Dorosela apate akili hakuwahi kumwona akiumwa, isipokuwa siku moja aliposumbuliwa na jino. Hata siku hiyo, aliyepata taabu zaidi ni jino.

Darasani, Mwalimu Tarsis wa Kiswahili aliandika neno moja ubaoni: SAFARI.

“Mkisoma hadithi mkaona mhusika anasafiri,” alisema, “msitazame miguu yake tu. Tazameni pale njia inapogawanyika. Atakwenda wapi? Atasema kweli au ataficha? Waandishi hutumia safari kutuonyesha maisha, maana maisha nayo yana njia panda.”

“Kama Makambako, Mwalimu?” aliuliza Emanuel, aliyekaa dawati moja na Dorosela. “Ukifika pale, huku Iringa, huku Mbeya, huku kwetu.”

“Kama Makambako hasa. Sasa kila mmoja aandike insha ya safari aliyoifanya mwenyewe, ya kweli, na uchaguzi uliomkuta njiani. Insha bora itasomwa kwenye mashindano ya shule, huko huko Makambako.”

Emanuel akaanza kuandika mara moja jinsi alivyokwenda Lugarawa kumtazama baba yake mdogo hospitalini. Dorosela alitafuna kalamu. Maisha yake yote alikuwa amesafiri mara moja tu, kwenda Makambako na Bibi kumwona shangazi aliyejifungua, na yaliyotokea huko yalikuwa ya aibu. Nani atampa zawadi mtu kwa aibu?

Nyumbani kwao ukutani kulikuwa na kalenda yenye picha ya maua ya hifadhi ya Kitulo. Basi Dorosela akasafiri kwenda Kitulo kwa kalamu. Lakini maua hayamtishi mtu, akaona amweke na simba. Simba naye hawezi kukaa bure, lazima apewe kazi. Kufika aya ya nne, simba alikuwa amemla Bibi Letisia, ambaye kabla ya kukata roho alisema, “Songa mbele, mjukuu wangu, usitazame nyuma!” Dorosela alipoandika maneno hayo machozi yakamtoka mwenyewe, yakadondokea daftarini.

Siku mbili baadaye Mwalimu Tarsis alimwita ofisini. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Pole sana, Dorosela. Sikujua. Ilikuwa lini?”

“Mwaka juzi, Mwalimu.”

“Na yote haya ni kweli?”

Dorosela alitazama sakafu. Neno “hapana” lilimfika mdomoni, likakuta njia imefungwa.

“Ndiyo, Mwalimu.”

Habari zikaenea. Wasichana wa darasa lake wakamletea maparachichi mawili ya rambirambi. Emanuel peke yake ndiye aliyekunja uso.

“Mbona jana nimemwona bibi yako akimfukuza mbuzi wetu?”

“Huyo ni wa upande wa baba.”

“Na aliyeliwa?”

“Naye pia,” alisema Dorosela, akamkatia kipande cha parachichi ili anyamaze.

Kisha ikaja barua: insha ya Dorosela imechaguliwa, na mzazi mmoja amsindikize Makambako. Baba na mama walikuwa katikati ya kuvuna viazi. Bibi akajifuta mikono.

“Nitakwenda mimi.”

“Bibi, Makambako kuna upepo mkali!”

“Upepo wa Makambako naujua, nao unanijua,” alijibu Bibi, akaenda kutoa kitenge chake cha Jumapili.

Siku ya safari, Mwalimu Tarsis aliwakuta stendi. Alipomwona Bibi, asijue kuwa ndiye marehemu wa insha, aliinama kwa adabu.

“Shikamoo, Mama. Poleni sana na msiba.”

Wiki ile ile jirani yao alikuwa amezikwa, hivyo Bibi hakushangaa. “Marahaba, mwanangu. Tumekwisha kupoa. Marehemu aliugua muda mrefu, alipumzika tu.”

Mwalimu akamgeukia Dorosela taratibu. Kuugua? Alivyosoma yeye, ilikuwa simba. Bahati nzuri kondakta akaita abiria, na Dorosela akawa wa kwanza kupanda. Njia nzima alijifanya amelala.

Ukumbi wa Makambako ulijaa wanafunzi, walimu na wazazi. Mbele walikaa waamuzi watatu, kiongozi wao akiwa Mama Rebeka, mwalimu mstaafu mwenye miwani mikubwa. Kila mtoto alianza kwa kusema, “Insha yangu ni ya kweli,” kisha akapewa dakika zake. Dorosela alitamka maneno hayo kwa sauti ndogo, kama mtu anayemeza kidonge kichungu. Bibi alikuwa safu ya kwanza, amejifunga kitambaa cha kijani kichwani.

Aya ya kwanza, maua. Aya ya pili, ukungu. Makofi yakapigwa. Katika aya ya tatu simba akanguruma, na Mama Rebeka akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

Aya ya nne ilianza hivi: “Hapo ndipo marehemu bibi yangu Letisia…”

Dorosela aliinua macho. Bibi alikuwa amemgeukia mama wa pembeni yake, anamnong'oneza kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima, “Huyo ni mjukuu wangu. Mtoto mkweli sana.”

Angeweza kuiruka aya ile. Angeweza kubadilisha jina, bibi akawa mjomba, na isipokuwa Mwalimu hakuna ambaye angejua. Lakini Bibi alikuwa anamtazama kwa uso uliojaa fahari, na fahari ile ilimchoma kuliko fimbo. Akafunga daftari.

“Bibi yangu hajafa,” alisema.

Akanyoosha kidole safu ya kwanza.

“Amekaa pale, mwenye kitambaa cha kijani.”

Watu wote wakageuka. Bibi Letisia hakuelewa kitu, lakini kwa kuwa alikuwa ametajwa, alisimama akapunga mkono. Kicheko kilicholipuka kilitikisa mabati.

Kilipotulia, Dorosela alieleza yote huku machozi yakimtiririka: kwamba hajawahi kufika Kitulo, kwamba simba alimbuni, na kwamba mwalimu wake alimuuliza akadanganya.

“Mimi nimezaliwa Makete, jirani kabisa na Kitulo,” alisema Mama Rebeka. “Nilikuwa namsubiri huyo simba kwa hamu, maana sisi wenyeji hatujabahatika kumwona. Kanuni ni kanuni, mwanangu. Umetoka kwenye mashindano. Lakini dakika zako hazijaisha. Kuna mahali umewahi kusafiri kweli?”

“Hapa hapa Makambako,” alisema Dorosela, akijifuta pua kwa mkono wa sweta. “Tulikuja kumwona shangazi. Tulipofika stendi Bibi alinikabidhi mizigo na jogoo wa zawadi, akaniambia nisiondoke mpaka arudi. Jogoo akakata kamba, akaruka, akaingia ndani ya basi la Mbeya. Nikawa sijui nifanye nini. Nikimfuata jogoo naacha mizigo na kuvunja agizo. Nikibaki, jogoo anakwenda Mbeya. Nikabaki. Basi likaondoka naye, kichwa kiko dirishani.”

Watu wakaanza kucheka tena. Safari hii hata Dorosela alitabasamu kidogo.

“Nililia, nikajua nitachapwa. Bibi aliporudi akaniambia, ‘Jogoo tunao wengine. Dorosela ninaye mmoja.’ Jioni kondakta akamrudisha. Alikuwa amemgundua wamefika kijiji cha Halali, njiani kwenda Mbeya, akiwa amekalia kiti cha mtu.”

Makofi yalipigwa hata na waamuzi, lakini zawadi ilikwenda kwa mvulana wa shule nyingine, ndivyo ilivyostahili. Dorosela alitoka nje mikono mitupu. Mwalimu Tarsis alikuwa amesimama peke yake kando ya mlango.

“Nisamehe, Mwalimu.”

“Nililia mimi,” alisema mwalimu. “Nikamsimulia mke wangu, naye akalia. Hakula chakula usiku ule.”

Dorosela alitamani ardhi ipasuke.

“Sikiliza,” aliendelea mwalimu, sauti ikiwa imelainika. “Kubuni si kosa. Waandishi wote wanabuni, tena nawe unajua kubuni. Lakini mwandishi husema, ‘Njoo nikusimulie hadithi,’ na msomaji anakuja akijua. Wewe uliapa kuwa ni kweli, ukachukua machozi ya watu na maparachichi yao. Hiyo siyo hadithi tena. Na ulidhani safari yako ni ndogo kwa sababu haikufika mbali. Safari haipimwi kwa umbali, inapimwa kwa unachochagua pale njia inapogawanyika. Ofisini kwangu ulichagua vibaya. Leo, kati ya aya ya tatu na ya nne, umechagua vizuri, mbele ya watu wote. Nimekusamehe. Jumatatu utasimama mbele ya darasa uwaambie wenzako mwenyewe.”

“Nitawaambia, Mwalimu.”

Walirudi stendi wakakaa kwenye benchi kungoja gari la Njombe. Bibi alinunua mahindi ya kuchemsha, akayagawa, akatafuna la kwake mpaka likabaki gunzi. Dorosela hakuthubutu kumtazama.

“Haya,” Bibi alisema mwishowe. “Toa hilo daftari. Nisomee nilivyokufa.”

“Bibi, naona aibu.”

“Kuniua hukuona aibu. Soma.”

Dorosela akasoma kwa sauti ya chini. Bibi alisikiliza huku akitikisa kichwa, mpaka Dorosela alipofika kwenye maneno ya mwisho ya marehemu.

“Simama hapo. ‘Songa mbele, usitazame nyuma’? Nani kasema hivyo?”

“Wewe, Bibi.”

“Mimi? Simba ananitafuna, nami natoa hotuba?” Bibi alirusha gunzi kwenye pipa la taka. “Futa. Andika: ‘Dorosela, shika panga uje unisaidie!’”

Mwalimu Tarsis akapaliwa na mahindi kwa kicheko. Dorosela akatoa kalamu, akafuta sentensi ile. Kisha juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa, akaandika: HADITHI YA KUBUNI.