Nilimfukuza Wifi Yangu Bure!

Wasomaji wenzangu, nina miaka sitini na miwili, sina mtoto wala mume. Naishi Hell-Ville, hapa kisiwani Nosy Be, katika nyumba ya marehemu baba yangu. Haya ninayowaeleza hata majirani hawayajui... Naona haya.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini niliolewa na Soilihi, fundi cherehani wa Mangarivotra, kule Mahajanga. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Mimba yangu ya kwanza ilinitesa. Uchungu ulinishika siku mbili, mtoto hatoki! Nikapelekwa hospitali, nikapasuliwa. Alikuwa mtoto wa kike. Aliishi siku nne tu...

Aliyeniuguza ni wifi yangu Mariama, dada mkubwa wa Soilihi. Alinikanda maji ya moto, akaninywesha dawa ya mizizi asubuhi na jioni. Nilipomwuliza ni mizizi gani, alicheka tu.

"Kunywa, wifi. Ya kurudisha nguvu."

Mwaka ukapita. Miwili. Mitano! Hedhi yaja kama kawaida, mimba hakuna.

Hapo nikaanza kuikumbuka ile mizizi. Kwa nini alicheka? Kwa nini hakunitajia jina lake? Na mbona kila nikitaja habari za mtoto aligeuza maneno? Nikaanza kumchunguza. Akileta chakula, nampa kuku kwanza. Akitoka chumbani mwangu, nainua godoro kutazama alichoacha.

Nikamweleza Soilihi shaka yangu. Nilidhani angekasirika, kwani ni dada yake wa tumbo moja! Lakini aliinamia cherehani yake, akasema, "Sijui, Zaina. Nyinyi wanawake mnajuana."

Maneno hayo yalinitia wazimu. Siku ya Idi, nyumba imejaa jamaa, nilimwita Mariama mchawi, nikasema ndiye aliyeniharibia uzazi. Mariama alimtazama Soilihi... Soilihi akatazama chini. Juma lile lile Mariama akahamia Katsepy, ng'ambo ya ghuba.

Nilijiona nimeshinda! Kumbe... Haukupita mwaka, Soilihi akaoa mke mwingine. Eti mwanamume anahitaji watoto. Mke mwenzangu alipojifungua, nikaomba talaka, nikarudi kwetu.

Miaka mingi baadaye nikashikwa na maumivu ya tumbo. Daktari niliyempata hapa, mwanamke mpole, aliniomba ruhusa kabla hata ya kunigusa. Nilishangaa! Akanieleza kwa Kimalagasi, taratibu, kwamba nina uvimbe, na kwamba hatanipasua mpaka nikubali mwenyewe. Nikakubali.

Siku ya pili baada ya upasuaji aliketi kando ya kitanda changu.

"Mama, ulifungwa kizazi lini?"

"Kufungwa? Mimi? Si ile mizizi niliyonyweshwa na wifi yangu?"

"Mirija yote miwili ilifungwa na kukatwa. Hiyo si kazi ya dawa ya kunywa, mama. Ni mkono wa daktari."

Nilipopata nguvu nilikwenda Mahajanga. Mwanamke wa mafaili pale hospitalini nilikojifungulia alinizungusha siku tatu. Faili limepotea, mkubwa hayupo, rudi kesho... Walikuwa wanaficha nini? Siku ya nne niliketi mlangoni pake, nikakataa kuondoka. Akalileta.

Lilikuwa la Kifaransa, lugha nisiyoisoma. Nikamwomba anisomee. Daktari wa wakati ule aliona mimba nyingine ingeweza kuniua. Chini palikuwa na sahihi ya kukubali nifungwe. Si yangu!

"Lakini nilikuwa macho," nikasema. "Nilikuwa nazungumza! Mbona hakuna aliyeniuliza?"

"Mumeo alikubali, mama. Wakati ule ilitosha."

Nikamfuata Soilihi Amborovy, anakoishi na wanawe. Hakukana. "Nilitaka uishi," akasema.

"Na Mariama? Kwa nini uliniacha nimwite mchawi?"

Akalia kama mtoto. Aliogopa ningemchukia. Mariama alikuwapo aliposaini, akamsihi aniambie. Badala yake Soilihi akamwapisha dada yake kwa Msahafu asifungue mdomo!

Nikapanda feri kwenda Katsepy. Nilimkuta Mariama amezeeka, macho hayaoni vizuri. Nilimshika miguu nikamwomba radhi. Aliniinua.

"Nimekusamehe, wifi. Nawe unisamehe. Nilijua, nikanyamaza. Lakini usiniombe nirudi kati ya jamaa wale. Siwezi."

Nikapanda feri ya kurudi, peke yangu.

Wasomaji wangu, huenda hata mimi ningekubali kufungwa. Nani asiyetaka kuishi? Lakini ningechagua mwenyewe, ningelea yatima, nisingemchafua mtu asiye na kosa. Nawasihi, ulizeni jina la kila dawa mnayopewa. Karatasi msiyoielewa, daini msomewe. Na wewe ndugu unayeombwa usaini kwa niaba ya mkeo, naye yu macho chumba cha pili... weka kalamu chini, nenda ukamwulize!