Jina Lililotoka Chini ya Mbao

Keti hapo, zima hiyo redio, usinikate mpaka nimalize. Hii ni ya Nelima, dem wa Bokoli, vile aliolewa Kitale na Ndirangu, fundi wa pikipiki.

Walipata keja kwa nyumba moja ya kitambo, ile ya wazungu, siku hizi imegawanywa vyumba. Sakafu ni mbao tupu, imepigwa rangi ya viatu mpaka unajiona. Sisi tumezoea simiti na kapeti ya plastiki, bana. Nelima aliringa nayo, anavua slipaz mlangoni kama ameingia kanisa.

Shida ilianza kidogo tu. Akitembea, mbao inalia. Akisimama, inalia tena mara moja. Kama mtu amechelewa kusimama.

"Ni baridi inavuta mbao," Ndirangu akamcheka. "Wewe nawe unaogopa hata kiti."

Halafu harufu ikatokea kwa zile nyufa, ya maziwa ya mama iliyochacha. Halafu mtoi wao mchanga. Ndirangu alikuwa amempa jina ya mamake, Wangechi, vile Wakikuyu hufanya na msichana wa kwanza. Sasa kila mvua ikianza, Wangechi analia, anakataa titi. Akakonda. Hospitali wakampima, ati hana kitu.

Nelima akaita mamake, Edah, atoke Bokoli.

"Huyu mtoto anaria jina," Edah akasema, ile Kiswahili ya kwao. "Ya Wakikuyu amekataa. Kuna mtu wetu anataka kuitwa."

"Mama, Ndirangu akisikia atanifukuza."

"Si ako kazi? Reta mtoto."

Wabukusu, watu wa kina Nelima, wanaijua hii. Mtoto akilia bila sababu unamtajia wafu wa ukoo mmoja mmoja, na ile jina atanyamazia ndio yake. Edah akaketi kwa mbao, mtoi mapajani, mvua inapiga mabati.

"Ni wewe Nasimiyu?" Mtoi analia. "Nekesa?" Analia. "Namalwa, yule wa Sirisia?" Analia mpaka sauti inakwaruza, na Nelima, amepiga magoti nyuma ya mamake, harufu ya maziwa imemjaa kooni, akasikia mwanamke akitaja jina moja polepole, kama mtu ametoka usingizini, akadhani ni mamake.

"Agneta?" Edah akasema kwa nguvu.

Chup. Mtoi akanyamaza, akashika titi, akanyonya kama amefunga mwezi.

"Asante Mungu! Huyo Agneta ni wa nani? Wa kina Ndirangu?" Edah akauliza.

"Si ni wewe umemtaja?"

"Mimi nimerudia tu yenye umesema."

"Mama... sijafungua mdomo."

Wakaangaliana. Chini yao mbao ikalia, pole, kama mtu anageuka kitandani.

Nelima akatoka mbio na mtoi mpaka kwa jirani, Mary Ann. Huyo kusikia hiyo jina, akamvuta ndani, akafunga mlango.

"Nani amewaambia? Agneta alikaa hapo kwenu. Mtoto wake akafa, yeye akalala kwa hizo mbao akakataa kuamka. Walimtoa akiwa maiti."

Siku hiyo hiyo Nelima akamwambia Ndirangu yote, na yule wa kucheka akawapeleka Bungoma kwa Phelista, mama mmoja wa maombi. Njiani mtoi akaacha titi tena, akalia mpaka akakosa machozi. Phelista akamnusa kichwa, akamrudisha haraka.

"Mmempa mgeni mlango. Msimwite hiyo jina tena. Mkimwita hata mara moja, huyu si Wangechi, ni yule."

"Na asiponyonya?" Nelima akauliza.

"Jina isipoitwa inachoka, inaenda. Bora mtoto aweze kungoja."

Mtoi hakuwa anaonekana wa kungoja. Utosi ulikuwa umezama, midomo imekauka, kilio imebaki kama ya paka ako mbali, na Edah anamvuta Nelima nguo akinong'ona, "Sema, mwanangu, mara moja tu, anyonye," na Ndirangu anamshika mkono, "Usithubutu, huyo ni wa mama yangu," na Nelima akiangalia chini akaona mtoto amefungua macho, ametulia, anamwangalia mdomo, anangoja aitwe.

Wewe, kama ni wako, ungemwita?