Mshumaa Ndani ya Bani

Kila alfajiri Nyanzala aliamka mwili ukimuuma. Msimu wa kukausha tumbaku hapo Sibwesa haumpi mtu nafasi ya kujinyoosha: usombe kuni, uchochee moto wa bani, kile kibanda cha kukaushia majani, ndipo uoge haraka uwahi shule. Usingizi aliumalizia darasani.

Mwezi huo uchovu ulizidi. Mwalimu Generosa alikuwa amewafundisha kuhusu sayari ya Zuhura, ambako joto linayeyusha hata madini ya risasi, na vyombo vilivyotua huko vikaharibika baada ya saa mbili hivi au chini ya hapo. Akawapa kazi: kila mmoja abuni kasha la kulinda mshumaa kwenye joto kali kwa saa mbili. Kasha bora lingepelekwa kwenye maonyesho ya sayansi Mpanda mjini, na Nyanzala aliitaka safari hiyo kuliko kitu chochote.

Alitia mshumaa kwenye mkebe, mkebe huo akautia ndani ya mkebe mkubwa, katikati yake akashindilia majivu, akaliweka kasha hilo kwenye bani la baba yake. Mshumaa ukatoka mzima. Darasa likapiga makofi, jina lake likapitishwa.

Lakini raha hakuipata. Mtoto wa mkulima wa tumbaku anajua kwamba siku za mwanzo moto wa bani ni mdogo, wa kugeuza majani yawe ya njano tu. Moto mkali huja baadaye. Mwalimu, mzaliwa wa Kapalamsenga kwa wavuvi, hilo hakulijua. Nyanzala akaona hawezi kuendelea hivyo. Akamfuata ofisini.

“Mwalimu, bani lilikuwa halijashika moto mkali,” alisema. “Nilijua, ila nilichoka kusubiri.”

Mwalimu alimwambia jina linafutwa mpaka apime upya. Nyanzala akalia njia nzima, kisha akarudi kwenye kuni zake.

Moto ulipokolea, mshumaa uliyeyuka wote. Alikata tamaa kabisa. Hata hivyo akaongeza mkebe wa tatu, akakandika udongo mbichi wa kichuguu kwa nje, akajaribu tena. Safari hii mwalimu alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni jasho likimtiririka. Saa mbili zilipokwisha, mshumaa ulikuwa umelainika pembeni tu.

“Hata mainjinia wa vyombo vya Zuhura huviunguza kwanza hapa duniani,” mwalimu alisema. “Mimi ungeweza kunidanganya, mwanangu. Joto lenyewe halidanganyiki. Mpanda utakwenda. Sasa kalale, kesho usinisinzilie.”