Simu ya Bi Ummy Yagoma

Bi Ummy alikuwa mpishi wa udi. Mtu akitaka kuijua nyumba yake pale Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, hakuwa na haja ya kuuliza. Alifuata harufu tu.

Kila asubuhi alibandika sufuria uani. Aliyeyusha sukari mpaka ikawa nzito, akatia vipande vya udi, sandali, miski na mawardi, akakoroga. Mchanganyiko ukishapoa na kuwa mgumu, aliutwanga kwenye kinu. Vumbi lake tamu lilitua kila mahali: kwenye nyusi, mikononi, kwenye kanga. Simu yake ilikaa kiunoni, ndani ya pindo la kanga hiyo hiyo. Wateja hupiga wakati wowote, na Bi Ummy hakuwa mtu wa kupitwa na mteja.

Wiki moja ya mwaka 2016 alitwanga kuliko kawaida. Binti yake, Sitara, alikuwa anaolewa Ijumaa.

Baba yake Sitara, Abdulkadiri, alikuwa baharia kwenye meli ya mizigo. Jumapili meli ilitia nanga bandari ya mbali, akapata mtandao kwa saa moja. Akarekodi ujumbe wa sauti, akamtumia mkewe kwa Wasapu. Alisema kwamba anamwakilisha mdogo wake, Nassibu, amwozeshe Sitara kwa niaba yake. Kisha meli ikaondoka. Asingepatikana tena kwa wiki tatu.

Shehe wa kufungisha ndoa alikuwa mtu wa msimamo.

"Baba yu hai, basi nataka neno lake," alisema. "Nitaisikia sauti yake mwenyewe, na watu wawili wanaomjua wataisikia. Sitaki kusimuliwa."

"Utaisikia, shehe. Imo humu," alijibu Bi Ummy, akijipigapiga kiunoni.

Jumatatu jioni simu ilianza vituko. Akichomeka waya, inashika chaji. Akiigusa kidogo, inaachia. Akaukunja waya upande wa kulia, ikashika. Akaondoka, ikaachia. Akakunja kipande cha karatasi, akakibana chini ya waya. Ikashika kidogo, ikaachia tena.

"Waya mbovu huu," alisema.

Akatoka kununua mwingine. Tangu biashara ilipofanywa huria, Kariakoo hakuna kinachokosekana, kizuri kwa kibovu. Alirudi na waya tatu za rangi tatu. Zote tatu zilicheza ngoma ile ile.

Jumanne asubuhi Bi Ummy aliikuta simu imezima. Juu yake palikuwa na sisimizi wanatembea kwa mstari, kama watu waliotumwa.

"Hii husda," alinong'ona. "Kuna mtu haitaki harusi ya mwanangu."

Akasoma Kulhuwallahu mara tatu, kisha akapuliza kwa nguvu ndani ya tundu la chaji. Simu haikuwaka.

"Mama, tutoe laini tuiweke kwenye simu yangu," alisema Sitara.

Wakafanya hivyo. Laini ilifanya kazi na wateja wakapiga. Lakini sauti ya baba haikuwemo kwenye laini. Ilikuwa ndani ya ile simu iliyozima.

"Si ulisema utanitumia, mama?"

"Nilisema nitakutumia," Bi Ummy alijibu kinyonge. "Nilitaka uisikie siku yako, iwe zawadi."

Nassibu alifika mchana, akaona shemeji yake amekaa kitako mbele ya kinu, mchi chini.

"Lete sindano, shemeji. Mambo madogo haya."

Akaichomeka sindano ndani ya tundu, akachokonoa kama mtu anayetafuta mwiba kwenye kisigino. Alitoa kinyuzi kimoja. Walipochomeka waya, haukuingia hata kwa kubembelezwa.

Sasa Bi Ummy aliogopa kweli. Kadi zimeshatolewa. Wageni wa Tanga wako njiani. Bila ile sauti, shehe hafungishi, na ndoa itangoja meli. Akajitanda ushungi, akatoka mbio mpaka kwa fundi wa kona, yule anayekaa chini ya mwavuli.

Fundi aliichukua simu, akaigeuza mara moja tu.

"Bi mkubwa, sistimu chaji imekufa hii. Niachie niiflashi. Kesho unaikuta mpya."

"Na vitu vyangu vya ndani?"

"Aa, hivyo vinafutika. Lakini simu utaipata."

Bi Ummy alimnyang'anya simu mkononi bila kuaga.

Alitembea bila kujua anakwenda wapi. Miguu ikamfikisha kwenye duka la vitambaa la Mzee Harilal, ambako alikuwa na kitambaa cha Sitara cha kuchukua. Mzee alikuwa kwenye kaunta anapima vitambaa. Kwenye pembe ya duka, nyuma ya meza yenye taa na lenzi kubwa, alikaa binti yake, Rinkal. Baba anauza nguo, binti anatengeneza simu. Mwanzoni watu walicheka. Baadaye wakaanza kupanga foleni.

"Shikamoo, Bi Ummy," alisema Rinkal. "Mbona uso umekunjamana? Si mna harusi?"

"Marahaba, mwanangu. Harusi imo humu, na humu hamfunguki."

Akaeleza yote: waya tatu, karatasi, sindano, fundi wa kona. Rinkal alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua waya wake mwenyewe, ule anaoutumia kila siku, pamoja na kichwa cha chaja anachokiamini.

"Kwanza tuujue ubaya uko wapi," alisema. "Waya huu ni mzima. Ukishika vizuri, basi ubaya ni wa waya zako. Ukikataa, ubaya uko kwenye simu."

Akachomeka. Ukakataa.

"Tazama hapa. Chuma hiki chote kinatakiwa kizame ndani. Nusu imebaki nje."

"Yaani tundu limevunjika?"

"Tundu likilegea, waya unaingia wote, halafu unacheza. Huu hauingii. Kuna kitu kimeuzuia ndani."

Akaiweka simu chini ya lenzi, akawasha taa. Akatazama kwa muda. Kisha akacheka kidogo.

"Bi Ummy, humu ndani kuna sisimizi."

"Nilijua! Husda!"

"Hapana. Sisimizi hafuati husda. Anafuata kitu kitamu." Rinkal akanusa simu, akamtazama Bi Ummy mikono. "Ukitwanga udi, simu unaiweka wapi?"

Bi Ummy akagusa pindo la kanga. Mkono ukabaki pale pale. Nyuzi za kanga, vumbi la sukari, na jasho la Dar es Salaam. Akaona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Mzee Harilal, bila kuinua macho kwenye kitambaa.

"Baba, pima nguo zako," alisema Rinkal. Kisha akamgeukia Bi Ummy. "Usione aibu. Kila simu hubeba kazi ya mwenyewe. Za waoka mikate zina unga. Za wauza mitumba zina manyoya ya nguo. Uchafu unaingia kidogo kidogo, na kila ukichomeka waya unaushindilia. Mwisho unakuwa kama kizibo."

"Sasa utaiflashi?"

"Kwa nini? Mtu mdomo umejaa makombo, wewe unataka kumpasua kichwa?"

Bi Ummy akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Rinkal alichukua kijiti cha meno cha mti. Akakichonga kwa wembe mpaka kikawa bapa na chembamba.

"Simu iwe imezimwa, na isiwe kwenye umeme," alisema. "Yako imejizima yenyewe. Kijiti kiwe cha mti au plastiki. Kamwe usitumie sindano wala pini. Katikati ya tundu kuna ulimi mwembamba wenye njia za umeme. Ona, tayari una mkwaruzo. Shemeji yako angeongeza bidii kidogo, angeuvunja."

"Maskini Nassibu. Na alivyokuwa anajisifu!"

Rinkal alipitisha kijiti taratibu kwenye ukuta wa tundu, mbali na ule ulimi, akivuta kuja nje. Hakusukuma. Kilitoka kipande kidogo cha kijivu, kimeshikana. Kikatoka kingine, kisha rundo la nyuzi za kanga zenye harufu ya miski. Akapangusa kwa brashi laini, kavu. Sukari iliyoganda ilibaki pembeni, basi akailowesha ncha ya brashi kwa spiriti ya duka la dawa, tone moja tu, akapangusa tena.

"Maji usitie. Mafuta usitie," alisema. "Na usipulize kwa mdomo."

"Nilikuwa nasoma dua."

"Dua sina neno nayo, Bi Ummy. Nasema mate."

Mzee Harilal alicheka mpaka rula ikamponyoka.

"Haya, chomeka basi," alisema Bi Ummy.

"Bado. Tunasubiri pakauke. Kukiwa na unyevu, ukichomeka unaunguza. Nusu saa haimcheleweshi bibi harusi."

Nusu saa ile ilikuwa ndefu kuliko mwezi wa mfungo. Hatimaye Rinkal alichomeka waya. Ukazama wote na kusema tik. Akautikisa kidogo. Haukucheza.

Kioo kilibaki cheusi. Bi Ummy akamshika Rinkal mkono.

"Subiri," alisema Rinkal. "Betri iliyokauka haiamki mara moja."

Dakika zikapita. Kisha ikatokea picha ndogo ya betri, na ndani yake mstari mwekundu. Bi Ummy akasema alhamdulillahi kwa sauti iliyowageuza wateja wa kitambaa. Simu ilipowaka, ujumbe wa Abdulkadiri ulikuwa pale pale.

"Kabla hujafanya lingine," alisema Rinkal, "rudisha laini yako, mtumie mwanao ujumbe huo. Na shemeji yako pia. Kitu cha thamani hakikai kwenye simu moja."

Bi Ummy akampigia Sitara kwa simu ya Rinkal alete laini; ilipofika, akatuma kwa wote wawili mbele ya macho ya Rinkal, akawakataza kuufungua ujumbe kabla ya Ijumaa.

"Na siku nyingine likilegea tena?" aliuliza.

"Angalia kwa tochi. Ukiona uchafu, safisha kama nilivyofanya. Ukiona ni safi na bado waya unacheza, au simu inachemka, au inanuka kuungua, acha kuichaji. Mletee fundi abadilishe tundu lenyewe. Kubadilisha tundu hakufuti kitu. Na ile karatasi ya kubana waya, tupa. Inaupindisha ule ulimi."

"Nikupe nini, mwanangu?"

"Udi. Lakini uufunge vizuri, na usiusogeze karibu na meza yangu!"

Kuanzia siku ile, Bi Ummy aliposhika mchi, simu ilibaki chumbani, ndani ya mfuko safi uliotundikwa kwenye msumari. Akitaka kuishika, ananawa na kufuta mikono kwanza. Wateja walingoja kidogo, na hakuna aliyemkimbia. Hata Celina, mpangaji mwenzake anayekaanga maandazi, alipolalamika kwamba waya wake unachezacheza, Bi Ummy alimtazama kwa macho ya kifundi.

"Celina, ukikanda unga, simu inakaa wapi?"

"Hapo hapo kando ya beseni."

"Izime. Lete tochi na kijiti cha meno."

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, chumba cha mbele kilijaa. Shehe alikaa kwenye jamvi na Nassibu mbele yake. Mashahidi wawili, marafiki wa Abdulkadiri tangu utoto, walikaa pembeni. Wanawake walikuwa nyuma ya pazia, Sitara katikati yao. Bi Ummy alipitisha simu chini ya pazia kwa mikono miwili. Chaji ilikuwa imejaa.

Nassibu akabonyeza. Sauti ikatoka, nzito, na nyuma yake mngurumo wa injini.

"Mimi Abdulkadiri bin Seifu, nikiwa na akili zangu timamu, nimemwakilisha ndugu yangu Nassibu bin Seifu amwozeshe binti yangu Sitara kwa niaba yangu."

"Mnamjua?" aliuliza shehe.

"Ndiye," walijibu mashahidi kwa pamoja.

"Neno tumelipata."

Nassibu akanyoosha mkono aizime. Lakini sauti iliendelea. Hata Bi Ummy alikuwa hajafika hapo. Jumapili ile alisikia maneno ya uwakili, mteja akapiga, akadhani ujumbe umekwisha. Kumbe Abdulkadiri hakuwa ameinua kidole kwenye kitufe cha kurekodi. Alikuwa anazungumza na baharia mwenzake, bila kujua kwamba simu inarekodi.

"Binti yangu anaolewa Ijumaa," alisema.

"Sasa mbona unalia?"

"Silii. Siku ya kwanza napanda meli alikuwa darasa la pili. Alinisindikiza mpaka mlangoni. Kila nikirudi namkuta pale pale mlangoni, kama hakuondoka. Safari hii nitakuta mlango mtupu."

Kisha ukabaki mngurumo wa injini, na ujumbe ukaisha.

Nyuma ya pazia kilisikika kilio cha Sitara, na Bi Ummy akamkumbatia, naye akilia waziwazi. Nassibu alijifuta macho kwa mkono wa kanzu. Akamtazama shehe, akingoja aambiwe waanze.

Shehe aligeukia pazia.

"Bibi harusi anataka kuisikia tena?" aliuliza.

"Ndiyo," ilijibu sauti nyuma ya pazia.

"Basi irudieni," alisema shehe. "Ndoa itangoja."