Gurudumu la Nyuma Kushoto

Hebu fumba macho kidogo, ufikirie gereji ndogo wakati wa jioni, mchana umekwisha lakini taa bado hazijawashwa. Sakafu ni nyeusi kwa oili iliyomwagika miaka na miaka. Ukutani spana zimetundikwa kwa kufuata ukubwa, kila moja juu ya umbo lake lililochorwa kwa rangi nyeupe, ili ikikosekana ijulikane mara moja. Katikati limesimama gari refu la kupandia milima, lenye vumbi mpaka madirishani. Nyuma ya usukani ameketi mtu mmoja. Hajashika kitu. Anatazama taa mbili ndogo za rangi ya chungwa, na machozi yanamtoka.

Mtu huyo alikuwa fundi wa umeme wa magari. Mtaani walimwita Zimataa, kwa utani, maana hapakuwa na taa ya deshibodi iliyomshinda kuizima. Wateja walisema ukitaka gari lako linyamaze, mpelekee Zimataa. Naye alikuwa akicheka. Zamani alikuwa akicheka.

Gari lilikuwa la shemeji yake, mume wa dada yake mdogo. Dada huyo alikuwa muuguzi katika zahanati ya mlimani. Miezi mitatu iliyopita, jioni ya mvua, akirudi kutoka kazini na gari hilihili, aliteleza kwenye mteremko, likaingia bondeni. Gari lilivutwa, bodi ikanyooshwa, likapakwa rangi. Yeye alizikwa.

Na msiba ule haukuachwa hivihivi. Watu walitaka mwenye kosa. Wakakumbuka kwamba siku moja kabla ya ajali, marehemu aligombana na mama mkwe wake. Bibi wa watu alifua sare nyeupe za muuguzi pamoja na kitambaa chekundu, zikatoka zote na rangi ya waridi. Mkwe akafoka. Bibi naye akauma midomo, akajibu neno moja tu, nalo likasikika dirishani kwa majirani: utanikumbuka. Neno la mtu aliyeumia. Lakini baada ya maziko liligeuka. Ikasemwa amemroga. Wakaacha kumwamkia. Mlango wake ukapakwa majivu. Hata mama mzazi wa Zimataa alipokutana naye njiani alivuka upande wa pili.

Jioni hiyo shemeji alikuja na gari, amekonda, kola ya shati imemlegea shingoni. Alieleza kwamba tangu jana taa mbili zimewaka na hazizimi: ile ya breki, yenye herufi tatu ndani ya duara, na ile yenye kijigari kinachoacha alama za kuyumba, inayosimamia gari lisiteleze. Akasema alitaka litazamwe usiku uleule, kwa sababu alfajiri angevuka nalo mlima kumpeleka yule kwa ndugu zake wa mbali, akae huko moja kwa moja.

Hakusema mama. Alisema yule.

Kisha akaondoka kwa miguu, na Zimataa akabaki na gari.

Sasa nikueleze kwa nini alilia, maana hapo ndipo penye jambo lenyewe. Taa hizo mbili hazikuweza kuwaka. Asubuhi ya siku ya ajali, dada yake alipita gerejini akiwa na haraka. Taa zilezile zilikuwa zimewaka. Kutafuta ubovu kungechukua nusu siku: kuinua gari, kutoa magurudumu, kupima moja moja sensa, vile vifaa vinavyosoma mwendo wa kila gurudumu. Dada alikuwa amechelewa zamu. Kwa hiyo Zimataa alifanya alichokuwa akiwafanyia wengi. Alikata nyaya za taa zile chini ya deshibodi, akaziunga kwenye waya wa taa ya oili. Ukiwasha, zote zinawaka pamoja. Injini ikishanguruma, zote zinazimika pamoja. Hata fundi mwenzake asingeng'amua. Ubovu ulibaki palepale, ila gari lilifungwa mdomo. Na gari lenye ubovu huo, ukikanyaga breki kwenye tope, magurudumu yanakwama yote, linateleza kama sabuni.

Alimwahidi dada yake kwamba akirudi atalitengeneza sawasawa. Dada hakurudi. Yeye akanyamaza. Siku ya kwanza alinyamaza kwa hofu. Siku ya pili kwa aibu. Halafu watu wakapata mchawi wao, na kunyamaza kukawa rahisi.

Zimataa alijifuta macho, akawasha tochi, akalala chali chini ya usukani. Alitaka kuona ni nani aliyefumua kazi yake.

Hakuna aliyeifumua.

Maungo yake yalikuwa yaleyale. Utepe mweusi uleule, alivyouzungusha mara mbili na kuubana kwa kidole gumba. Taa ya oili ilikuwa imezimika. Injini ilikuwa ikinguruma. Na taa mbili zisizo na njia ya kupata umeme zilikuwa zinawaka juu ya uso wake.

Alizima injini. Akachomoa ufunguo.

Taa hazikuzimika.

Mikono ya fundi ina mazoea yake. Ikishikwa na hofu hufanya kazi. Alichukua kompyuta yake ndogo ya kupimia, akaichomeka. Kioo kilionyesha mistari minne, mmoja kwa kila gurudumu, na mwendo wake. Gari limesimama, jiwe limewekwa nyuma ya tairi. Mistari yote ilitakiwa kusoma sifuri.

Mbele kulia, sifuri. Mbele kushoto, sifuri. Nyuma kulia, sifuri.

Nyuma kushoto... nne.

Kilometa nne kwa saa.

Aliikung'uta kompyuta. Ikaandika tatu. Ikarudi nne. Alishuka, akaenda nyuma, akaweka kiganja juu ya tairi. Tairi lilikuwa kimya, la baridi, halisogei hata unywele. Kwenye kioo, nne. Tatu. Nne.

Ndipo akasikia harufu. Dawa ya kusafishia vidonda, na nguo iliyolowa mvua. Ilikuwa kiangazi. Hapakuwa na mvua kwa majuma matano.

Alisimama pale, kiganja juu ya tairi, akifanya hesabu aliyokuwa haitaki. Nne si mwendo wa gari. Nne ni mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Na ile tatu inayoingia katikati... ni mtu aliyechoka. Mtu anayepanda mlima, anapumzika kidogo, anaendelea.

"Kaka..."

Sauti haikutoka mbele wala nyuma. Ilitoka karibu.

"Kaka... sijafika."

Hakupiga kelele. Nadhani mimi na wewe tungekimbia; yeye alikaa chini sakafuni, kwenye oili, akakumbatia lile tairi kama mtu anavyomkumbatia mtoto aliyeanguka. Alijua dada yake alikokuwa anakwenda. Kulikuwa na jambo la pili alilolificha, nalo lilimuuma kuliko lile la nyaya.

Alipoinuka aliondoa jiwe, akapanda, akawasha gari. Kwa shemeji hapakuwa mbali. Akatoka kwa mwendo wa kawaida. Mistari mitatu ikapanda mpaka ishirini. Wa nne ukabaki nne. Ndiyo, lile gurudumu lilikuwa linazunguka sawa na mengine, lakini mstari wake ulisema nne.

Alikuwa anamwacha nyuma.

Basi akapunguza. Kumi. Saba. Tano. Mpaka mistari yote minne ikasoma nne. Akaendesha hivyo katikati ya barabara, polepole, gari kubwa likitembea hatua kwa hatua na mtu asiyeonekana. Mwendesha baiskeli mmoja alimpita, akamgeukia akicheka, akamwambia kama gari limemshinda ashuke alisukume. Mstari wa nne uliposhuka hadi tatu, naye alishuka hadi tatu. Aliwahi kumsindikiza dada yake hivyo alipokuwa anaanza shule, yeye mkubwa, yule mdogo, mkoba umemzidi mgongo.

Mbele ya lango la shemeji yake, kabla hajakanyaga breki, mstari wa nyuma kushoto ukashuka wenyewe.

Sifuri.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Sebuleni shemeji alikuwa amepiga magoti akifunga mzigo kwa kamba, goti moja juu yake ili akaze. Bibi aliketi kwenye kigoda karibu na mlango. Alikuwa amekwisha kuvaa viatu, ingawa safari ilikuwa ya alfajiri. Mikono ameilaza mapajani, kama mwanafunzi aliyeambiwa asubiri nje ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Zimataa hakuamkia. Alipiga magoti.

"Mama," alisema, "si wewe. Ni mimi."

Aliwaeleza yote. Nyaya, utepe, taa ya oili, nusu siku aliyoona ni ndefu. Alieleza kwa sauti ndogo na hakujipunguzia chochote. Shemeji aliacha kamba. Ungedhani angempiga. Alikaa tu juu ya mzigo wa mama yake.

"Ulibeba jeneza pamoja nami," alisema. "Bega kwa bega."

"Ndiyo, shemeji."

Bibi akasema, macho yakiwa sakafuni.

"Mimi nilijua sikufanya kitu. Lakini waliposema wengi, nikaanza kujichunguza. Nikawa najiuliza, labda lile neno lilitoka na kitu ambacho sikukiona. Nimekaa miezi mitatu nikijiogopa mwenyewe."

Hapo Zimataa alilia kwa kwikwi. Akasema kwamba liko jambo jingine, na lilikuwa la bibi, si lake, na amekaa nalo kama mwizi. Asubuhi ile gerejini, nyaya zikiungwa, dada yake aliongea. Alisema hakulala. Alisema kwa kweli haraka yake si ya kwenda, ni ya kurudi.

"Alisemaje?" bibi aliuliza. "Niambie maneno yake. Usiyatengeneze."

"Alisema: nimemjibu mama vibaya kwa ajili ya kitambaa. Nataka nirudi mapema nimpigie magoti kabla hajalala."

Bibi alifunga macho.

"Sema tena."

Akasema tena. Bibi akamwomba mara ya tatu, kama mtoto anayedai hadithi ileile, na mara ya tatu midomo yake ilikuwa ikiyasema pamoja naye. Upepo mdogo ukaingia mlangoni. Harufu ya dawa ikapita sebuleni, ya nguo mbichi, ikakaa kidogo karibu na kigoda. Shemeji aliinua kichwa, pua ikimchezacheza, akamtazama mama yake, kisha akatazama chini.

"Mama," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kulitamka neno hilo. "Mama, usiende."

Bibi aligusa kamba ya mzigo, akapitisha kidole juu ya fundo.

"Hili umelifunga mwenyewe, mwanangu," alisema taratibu. "Umelikaza vizuri. Siwezi kulala tena nyumba hii nikalisahau."

Hakusema kwa hasira.

Kesho yake Zimataa alifanya kazi aliyoipunja. Aliinua gari kwa jeki, akatoa gurudumu la nyuma kushoto, akafika mpaka kwenye pete yenye meno, ile ambayo sensa huhesabu meno yake ili ijue mwendo. Ilikuwa imepasuka, na meno mawili yamejaa udongo mwekundu wa mlimani. Akaweka mpya. Akafumua nyaya zake, kila moja akairudisha kwenye taa yake. Pete iliyopasuka hudanganya kompyuta. Hilo fundi yeyote atakueleza, na Zimataa alijieleza hivyo mara nyingi. Lakini sensa haihesabu meno gari likiwa limesimama. Na hakuna pete inayowasha taa iliyokatwa waya.

Siku ya tatu yeye ndiye aliyemvusha bibi mlima. Shemeji alibaki langoni, mikono imemning'inia. Mzigo uliwekwa mbele. Bibi alichagua kukaa nyuma, peke yake, upande wa kushoto, dirishani.

Walipofika kwenye ule mteremko, Zimataa alipunguza mwendo, macho kwenye deshibodi. Hakuna taa iliyowaka. Kwenye kompyuta mistari yote ilikuwa sawa. Alishusha pumzi.

"Simama kidogo, baba," bibi alisema.

Akasimama. Bibi alitazama bondeni, ambako majani yalikuwa yameanza kuota juu ya kovu la magurudumu. Hakushuka wala hakuomba kwa sauti. Baada ya muda alikusanya khanga yake, akasogea upande wa kulia, polepole, kama anavyosogea mtu anayempisha mwenzake akae.

Zimataa hakuthubutu kutazama kioo cha kuonea nyuma.

Nyuma yake, kwenye kiti cha kushoto, alisikia mkanda ukivutwa taratibu mpaka mwisho wake... kisha ukajifunga.

"Twende," alisema bibi. "Tumeenea."

Nami nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Mtu akikupa neno la kuomba radhi umfikishie mwingine, au hata ukilisikia kwa bahati tu, usilale nalo. Hata likikuumbua, lifikishe leo. Aliyelisema huenda bado yuko njiani, kwa miguu, na amechoka.