Kabureta Haina Kosa

Ndugu zangu, palikuwa na nyumba moja yenye raha yake. Kila asubuhi mume alipanga chupa za petroli ya kuuza kwenye meza ya mlangoni, na mkewe, mjamzito wa miezi tisa, alimtania kwamba anazipangusa chupa zaidi ya anavyoosha uso.

Kasoro ilikuwa moja. Mume alichanganya petroli na mafuta ya taa. Mteja akirudi kulalamika, jibu lilikuwa tayari: "Hiyo kabureta, kaka." Wangapi walifungua kabureta bure? Pikipiki yake mwenyewe aliitilia petroli safi kutoka dumu la uvunguni, na mkewe hakuambiwa siri hiyo.

Uchungu ulipoanza, alimpakia mkewe kwenye pikipiki, mbiombio kwenda zahanati. Mlimani pikipiki ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Alipiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Mkewe alikaa kando ya barabara, ameshika kiuno, jasho likimtiririka.

Bahati, karakana ya fundi aliyeitwa Mama Spana ilikuwa hapo hapo.

"Ni kabureta," mume alisema, kwa mazoea tu.

Mama Spana hakubishana. Alifungua plagi: nyeusi, imelowa. Akafungua kabureta: vitundu vyake safi kabisa.

"Kabureta haina kosa. Lete mkono, shemeji."

Alimdondoshea kiganjani tone la mafuta yaliyobaki ndani ya kabureta. "Petroli safi hukupa ubaridi, kisha hukauka mara moja. Hesabu."

Mume alihesabu hadi thelathini. Kiganja bado kiling'aa. Alikitazama: tone moja limesema yote aliyoyaficha miaka mitatu.

"Mmenunua wapi haya?" fundi aliuliza.

Mke alijibu kwa shida. "Mezani kwetu. Nilijaza tenki mwenyewe asubuhi. Niliona siku imefika, sikutaka kumsumbua."

Mume alikosa pa kuuweka uso. Mama Spana alimwaga tenki, akafuta plagi, akatia petroli yake. Kwa kiki ya kwanza injini ikaitika.

Mtoto wa kike alizaliwa wakiwa ndio kwanza wamevuka mlango wa zahanati. Alilia kwa nguvu, na mama yake alikuwa salama. Muuguzi alipomnyooshea baba mtoto amshike, baba alisema, "Subiri kwanza," akaenda kuosha kile kiganja. Akarudi, akakinusa, akaenda kukiosha tena.

Funzo

Enyi mnaouza, msimuuzie mtu kitu ambacho msingethubutu kumtilia wa kwenu. Anayechakachua hachagui nani atakwama mlimani.